Zamu ya Baba

Nyumbani kwangu hapa Nyarubungo nina viti kumi na viwili, seti mbili za vikombe ambavyo havijawahi kuonja chai, na jokofu kubwa ninaloweka maji ya kunywa na nusu ya kabichi. Ninaishi peke yangu. Nilifundisha shule za msingi kwa miaka mingi, na kila mshahara ulipofika ulikuwa tayari una wenyewe: wa kitenge, wa kabati, wa televisheni. Walimu wenzangu walinitania kwamba mimi ni tajiri wa siku moja kwa mwezi. Nilicheka nao, maana walisema kweli, na pia kwa sababu nikifika nyumbani sikuwa na wa kucheka naye. Mwanangu yuko Mwanza. Hunitumia pesa kwa simu kila mwezi, kisha hupiga kuuliza kama zimefika, nami humjibu zimefika, asante, na mazungumzo yetu huishia hapo.

Wanaotujua husema nimemrithi baba. Mimi nasema katika ukoo wetu sote ni watapanyaji, ila kila mmoja alitapanya kivyake. Bibi yangu mzaa baba, ambaye nyumba yake na yetu zilikuwa kwenye shamba moja la migomba kule Murusagamba, alitushinda sote, na wala hakuwahi kumiliki kiti. Yeye aliishiwa kwa sababu ya pombe ya ndizi, na si kwa kuinywa. Akiamua kukamua, alivundika kila mkungu uliokomaa, hata ule tuliotegemea kuuza ili tupate chumvi na mafuta ya taa. Pombe ikiwa tayari, kibuyu cha kwanza kilikwenda nyumba ya juu, cha pili nyumba ya chini, cha tatu kwa mjane wa ng'ambo ya kijito, na kilichobaki kilikuwa cha yeyote aliyepita njiani na kusalimia. Watu walikaa uani kwake mpaka chungu kikauke. Wiki nzima iliyofuata sisi tulikula viazi vitamu visivyo na chumvi. Mama yangu alinung'unika jikoni, kwa sauti ya chini, kwamba mtu anawezaje kugawa asicho nacho. Bibi alisikia kila neno, akaendelea kuosha vibuyu vyake.

Kuna jambo moja la kilima chetu ambalo sina budi kulieleza. Gari halikuweza kupanda kwetu wakati wa mvua, na hata kiangazi lilipanda kwa shida. Mgonjwa alibebwa mabegani. Tulikuwa na machela ya kusuka, ambayo kwa lugha ya nyumbani tunaiita ingobyi, na ilitunzwa kwa mzee mmoja aliyekaa katikati ya kilima. Mtu akizidiwa, yowe lilipigwa, na kila nyumba yenye mwanaume mzima ilimtoa. Walibeba wanne, wengine wakifuata nyuma, na walipokezana wakiwa mwendoni bila kuiweka machela chini, nusu wakitembea na nusu wakikimbia, mpaka hospitali. Hakukuwa na karatasi ya majina, lakini kila mmoja aliijua zamu yake. Aliyekosa alikuja siku nyingine na kibuyu cha pombe, akakaa katikati ya wenzake, akasutwa na kutaniwa mpaka akatamani ardhi impasukie, na jambo likaisha.

Baba alikuwa mbebaji wa kusifiwa. Alikuwa mrefu, hivyo kwenye mteremko aliwekwa mbele ili mgonjwa asiporomoke. Nikiwa mdogo niliwasikia wanaume wakimsimulia yeye na mteremko fulani uliojaa utelezi, na yeye akijifanya hasikii huku akitabasamu ukutani.

Kisha wakimbizi wakavuka kutoka Rwanda. Sisi tulioishi karibu na mpaka wa Burundi tulikuwa tumezoea kuwapokea watu wachache wachache wakiwa na mikeka na mbuzi, lakini safari hii vilima vizima kuelekea Ngara vilifunikwa maturubai, na baada ya wakimbizi wakaja wazungu na magari yao. Baba alikuwa na leseni, kwa kuwa ujanani aliendesha lori la ushirika wa kahawa. Shirika moja likamwajiri udereva. Mshahara wake wa mwezi ulizidi kahawa yetu ya msimu mzima, na nadhani hapo ndipo akili yake ilipopata kizunguzungu. Simlaumu sana. Hata mimi nilipopata mshahara wangu wa kwanza nilinunua jozi mbili za viatu vya aina moja, rangi tofauti.

Alianza na redio ya kaseti. Ikafuata baiskeli, ingawa alikuwa akiendesha gari, kisha saa ya ukutani, kisha jenereta aliyoikopa dukani Ngara mjini, ambayo tuliiwasha Jumapili ili majirani wasikie. Mshahara ulikuwa mkubwa lakini mfuko wake ulikuwa na tundu kubwa zaidi. Ulipopungua kwa ajili ya mabati na makochi, aliuza ng'ombe wetu wote wanne, akisema ng'ombe hununuliwa wakati wowote ila makochi ya namna ile huletwa mara moja. Bibi alisimama kwenye zizi tupu, akamwambia mwanawe kwamba hakuuza ng'ombe, ameuza samadi. Baba akacheka. Msimu wa pili migomba iliyokuwa karibu na nyumba ilianza kutoa mikungu myembamba, yenye vidole vichache, na kwa kuwa tulikuwa tunanunua mchele hatukujali.

Makochi yalifika juu ya lori la shirika, kiangazi, na kilima kizima kilitoka kuyatazama yakishushwa. Yalikuwa mekundu. Baba alikataza karatasi zake za nailoni zisitolewe, kwa hiyo ukikaa ulisikika nyumba nzima. Wanaume walikaribishwa, wakakaa ukingoni kwa tahadhari, mikono magotini, na kila mmoja akapewa bia ya chupa, ikafunguliwa mbele yake. Walikunywa, wakashukuru, wakaondoka. Chungu cha bibi kilikuwa na mirija mingi na hakikumalizwa na mtu mmoja, kwa hiyo kilikukalisha. Chupa ilikuwa ya mtu peke yake, na ikiisha imeisha. Tena mtu angerudishaje bia ya dukani wakati kwake ana ndizi tu? Aliona haya kuja mara ya pili mikono mitupu. Baba alisema wanamwonea wivu. Mimi nilimwamini, kwa sababu nilikuwa na umri wa kupenda kuonewa wivu.

Zamu za machela zilipoanza kumpita alikuwa kazini kweli, na hakuna aliyesema neno. Kibuyu cha pombe hakuwa na muda nacho, kwa hiyo alituma noti. Aliyeipeleka nilikuwa mimi. Niliipeleka kwa yule mzee mtunza machela, nikimwamkia shikamoo kwa magoti, na kumwambia kwamba baba amepata udhuru wa kazi. Mzee aliitikia marahaba, akaichukua, akaikunja mara mbili na kuisukuma chini ya mkeka. Alisema nimwambie baba wamepokea. Hakuniuliza habari zake. Nilirudi nikiruka mashimo ya njiani, najiona mtoto wa mtu mkubwa, ambaye hata akiumwa mtu mwingine yeye humaliza kwa noti.

Ikawa mazoea. Kuna siku yowe lilipigwa baba akiwa nyumbani, likizo, ameweka miguu juu ya meza na redio inaimba. Alikuwa anaumwa mama mmoja wa nyumba ya chini, ambaye uzazi ulimkwama. Baba alipunguza sauti ya redio, akasikiliza, akaingiza mkono mfukoni na kuniita. Nilikwenda. Nilipokuwa natoka nilimwona bibi akipita nje ya dirisha na fimbo yake, akiwafuata wabebaji, mwanamke mzee asiyeweza kubeba chochote. Alirudi jioni, matope mpaka magotini. Tangu siku hiyo hakula tena nyumbani kwetu. Nilipompelekea wali alinishukuru, na asubuhi nilikuta kuku wakiula.

Halafu wakimbizi wa Rwanda wakarudishwa kwao. Ilikuwa haraka mno. Juzi vilima vilikuwa na moshi wa meko yasiyohesabika, leo vilikuwa na matundu ya vigingi. Kambi za Warundi zilibaki, lakini kazi huko zilikuwa na watu wake. Baba alirudi na barua ya shukrani na kofia yenye nembo. Jenereta ilifuatwa na mwenyewe. Redio ikanyamaza kwa kukosa betri. Siku nzima baba alikaa kwenye kochi jekundu, mlango wazi, akitazama njia. Watu walipita. Walimsalimia, maana kwetu hakuna mtu asiyesalimiwa, wakauliza za nyumbani bila kupunguza mwendo. Alikuwa na nafasi ya watu saba pale sebuleni. Nilikuwa nikirudi shuleni namkuta vile vile, na nailoni ikilia alipoinuka, na ile sauti ilinifanya nitake kulia bila kujua sababu.

Bibi aliugua katikati ya mvua. Kifua kilimbana mpaka pumzi ikawa inapiga mluzi, na asubuhi ya tatu hakuweza kuinua kichwa. Baba alitoka njiani akapiga yowe mwenyewe. Haikuchukua muda, machela ikaletwa. Waliiegemeza kwenye mgomba wa mwisho wa uani, na aliyeileta akawa ameshaondoka tulipotoka nje. Tukangoja. Baba alikunja shuka, akaliweka begani tayari kwa fito ya machela.

Wa kwanza kuingia alikuwa mke wa nyumba ya juu. Alivua kandambili mlangoni, akamwamkia mama, akampa pole ya mgonjwa. Kisha akaweka noti juu ya meza, kwenye kitambaa cha kufuma.

"Mzee wangu kasema nirete hii," alisema. "Yeye kapata udhuru."

Mama alishukuru. Baba naye alishukuru, akadhani ni msaada wa dawa. Akaingia wa pili, mke wa nyumba ya chini, yule aliyebebwa siku baba hakutoka. Pole ya mgonjwa, noti, udhuru. Alipoingia wa tatu baba alikuwa ameshaelewa, na shuka lilikuwa limeteleza kutoka begani na yeye hakuliokota. Walikuja wanawake wa nyumba zote za upande wetu. Hakuna aliyekuwa na kiburi, hakuna aliyepandisha sauti. Walikuwa na haya kuliko sisi. Kila mmoja alileta kiasi kile kile nilichokuwa nikipelekwa nacho mimi, na wengine, naamini, walikopa ili kitimie. Rundo lilipokua juu ya kitambaa nilitamani kulificha, maana nilijua ni nani aliyezipeleka zile za kwanza.

Mama alisema tubebe. Kwetu mwanamke habebi machela, na mtu akituona angesimulia miaka yote, lakini mama alishika nyuma kulia, nikashika nyuma kushoto, na baba akashika mbele peke yake, fito zote mbili, moja kila bega. Bibi alikuwa mwepesi. Hata hivyo tulimweka chini mara mbili kabla hatujafika kijitoni, jambo ambalo halifanywi, na mara ya pili baba aliinama, mikono magotini, akakaa hivyo muda mrefu kuliko uchovu wake.

Pale kijitoni tuliwakuta wanaume wanne na majembe. Walikuwa Warundi wa kambini waliotoka kutafuta vibarua vya kulima. Hawakuuliza sisi ni nani wala kwa nini machela inabebwa na wanawake. Waliweka majembe yao mikononi mwetu, wakaingia chini ya fito, wakaondoka kwa mwendo ule ule wa kwetu, kwa kuwa na kwao hubeba hivyo. Bibi alifumbua macho. Kirundi na Kihangaza chetu vinasikilizana, na yeye, kwa ile pumzi ya mluzi, akaanza kuwauliza kila mmoja ni mtoto wa nani na alizaliwa kilima gani. Walimjibu. Mmoja alimchekesha. Baba alisogea mara moja ashike fito, na yule wa nyuma akamwambia kwa upole, "Mzee, pumzika." Akabaki nyuma nasi, na jembe la mtu mwingine mkononi.

Hospitalini baba aliwapa zile noti, zote. Walizichukua, na walistahili, maana kibarua cha siku kilikuwa kimewapotea. Bibi aliishi siku nne.

Kilima kizima kilikuja kumzika. Sikuwahi kuona watu wengi namna ile uani kwetu tangu siku ya makochi. Kaburi lilikuwa limefika kiunoni kabla baba hajatafuta jembe, na alipolipata hakukuwa na nafasi ya kusimama. Wanawake walileta ndizi, maharage na kuni. Walilia kweli. Walikula, wakafagia, wakaondoka, na kesho yake alfajiri baba alikuwa kwenye kochi lake.

Nataka kusema haki yake: alijaribu. Aliuza makochi kwa hasara, akanunua mtamba mmoja, akaanza kubeba samadi kwa mikono yake na kurudisha migomba. Miaka miwili baadaye alikamua chungu cha kwanza, akapeleka vibuyu mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kwa mpangilio wa mama yake. Walipokea, wakanywa, wakarudisha vibuyu vimeoshwa. Yowe likipigwa, alikuwa wa kwanza kutoka. Alikwenda mpaka hospitali na kurudi, kila safari, mvua na jua. Mama alinisimulia, maana mimi wakati huo nilikuwa chuo cha ualimu, kisha shule yangu ya kwanza, Bugarama. Ila hakusema kama alibeba. Nilidhani hakuona haja ya kusema.

Nilijua mwenyewe niliporudi nyumbani kuzaa. Mume wangu alikuwa amekwenda zake kutafuta dhahabu na hakuwa ameandika. Uchungu ulinianza asubuhi, ukaendelea mpaka mchana, na mtoto hakushuka. Yowe likapigwa. Wanaume walikuja wote, wa nyumba ya juu, wa nyumba ya chini, na vijana wa ng'ambo ya kijito. Waliniita mjukuu wa bibi yangu, wakaniambia nisiogope, wakaniinua.

Nililazwa kichwa kikiwa mbele, kwa hiyo nilikuwa natazama tulikotoka. Niliwaona wabebaji wawili wa nyuma, na nyuma yao msururu wa waliokuwa wakisubiri kupokea, na wa mwisho kabisa alikuwa baba. Alikuwa na kikapu cha mama na furushi la vitenge vyangu, na begani aliweka shuka lililokunjwa. Kila walipotaka kupokezana alisogea mbele, akainamisha bega. Kila aliposogea, mtu mwingine alishaingia. Hakuna aliyemsukuma, hakuna aliyemtazama vibaya. Ilikuwa tu kwamba nafasi ilijaa. Alirudi nyuma, akangoja, akasogea tena. Ilitokea mara tatu, kisha nikamwona ameacha kusogea, anatembea tu, mrefu kuliko wote, macho kwangu.

Uchungu ulikuwa umenitoa haya. Nilimwita kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

"Baba, njoo ushike wewe."

Mwendo wa wabebaji haukubadilika. Hakuna aliyegeuka, hakuna aliyebadilisha bega. Baba alijifuta uso kwa lile shuka, akahamisha kikapu mkono mwingine.

"Sijapewa zamu, mwanangu," alisema.

Nilifumba macho. Njia ilianza kushuka, na wale wanaume wakaongeza mwendo.